Mkwe wa Kitanda cha Dirishani

Inatangazwa kwa ukoo, majirani, wageni waalikwa na hata waliopita njia wakavutwa na harufu ya pilau, kwamba kijana Jonathan wa mzee Machibya, aliyeketi mbele yenu akiwa ameinamisha kichwa kwa heshima, ni daktari. Ni daktari wa hospitali kubwa mjini Mwanza. Huingia chumba cha upasuaji, hutoka chumba cha upasuaji. Wagonjwa wasipomwona hawatulii. Leo ameweza kufika hapa Magu kwa sababu tu madaktari wenzake wamemhurumia wakasema, nenda kaoe, sisi tutabaki na watu wako.

Hayo yalisemwa na mjomba wake Jonathan, mzee Mashimba, siku ng'ombe wa mahari walipofikishwa nyumbani kwa akina Hellen. Mashimba ndiye aliyekuwa mshenga, na kabla ya kuzeeka na kufungua kibanda cha kuchaji simu alikuwa mpiga debe wa stendi ya Buzuruga. Mtu aliyetumia ujana wake kuliita basi lililofungwa kwa kamba “luksari, luksari ya leo” hawezi kupata kigugumizi mbele ya kijana mmoja aliyevaa suti ya kuazima.

Na tumtendee haki mzee wa watu, hakuzua kila kitu. Jonathan kweli alikuwa hospitali. Kweli aliingia chumba cha upasuaji, akiwa na ndoo na tambara, wapasuaji walipokwisha kwenda kunywa chai. Wagonjwa kweli walimwita mchana kutwa: njoo unigeuze, niletee maji, niitie nesi. Jambo dogo tu ambalo mjomba aliliruka ni kwamba Jonathan alikuwa anajitolea. Kujitolea, kwa wasiobahatika kuonja, ni kufanya kazi kama walioajiriwa, kugombezwa kuliko walioajiriwa, na mwisho wa mwezi kushukuru kwamba umepata uzoefu. Kijana alikuwa amemaliza kidato cha sita, ameomba chuo cha uuguzi, awamu ya kwanza ya majina ikatoka bila jina lake. Akashauriwa akae karibu na wauguzi wakati akisubiri awamu ya pili, asije akasahau alichokuwa anakitaka.

Kilichomuuma baadaye si kwamba mjomba alisema. Ni kwamba yeye alisikia akauchuna. Neno “daktari” lilipotua pale uani, akina mama wa nyuma walipiga vigelegele, na Jonathan akahisi kitu kitamu kikiteremka kooni kama maji ya mtungini. Angeweza kuinua kichwa akasema hapana. Lakini kuinua kichwa ndilo jambo hasa ambalo siku ile hakuruhusiwa, maana mama mkwe alikuwa pale.

Usukumani, kwa watu wanaoshika mambo ya zamani kama akina Hellen, kijana na mama wa mke wake hukaa kama moto na petroli. Hawapeani mikono. Hawali pamoja. Hawatajani majina. Wakikutana njiani mmoja huingia kwenye majani mpaka mwenzake apite, na salamu hutolewa kwa mbali, macho chini. Kwa hiyo Jonathan aliondoka Magu akiwa na mchumba, baraka, na picha moja tu ya mama mkwe kichwani mwake: viatu vyeusi vya kufunika, vilivyopita mbele yake kuelekea jikoni na kurudi. Mama naye alichoona ni utosi. Hellen alipojaribu kumwonyesha picha kwenye simu, mama aligeuza uso. Kumkodolea macho mkwe ni kumkodolea tu, alisema, hata akiwa ndani ya kioo.

Hellen mwenyewe, mwalimu wa shule ya msingi kule Sengerema, alijua tangu mwanzo mchumba wake anafanya kazi gani, na siku ile ya vigelegele hakupiga kigelegele hata kimoja. Alimsubiri Jonathan nje, karibu na zizi.

“Ulikaa kimya kama umekufa,” alimwambia.

“Ningesemaje, Hellen? Mkutano wote ule.”

“Utamwambia mama, na utamwambia wewe. Kabla ya harusi. Mimi siolewi na mtu ambaye mama yangu anadhani ni mtu mwingine.”

Jonathan alikubali. Alikubali kama watu wanavyokubali kwenda kung'olewa jino, wiki ijayo, Mungu akipenda. Na ugumu wenyewe ulikuwa wa kweli. Mama mkwe hasemeshwi ana kwa ana. Ujumbe hupelekwa na mshenga. Sasa mshenga ndiye aliyeupika uongo, na kila Jonathan alipopita kibandani kwake kumwomba aende akautapike, mzee alimtazama kwa masikitiko, akamwuliza kama ameshawahi kuona basi linaitwa Shinyanga halafu linageuzwa njiani kwenda Geita. Wiki zikapita. Mpunga ukaanza kukomaa, na harusi ilipangwa baada ya mpunga.

Basi mama mkwe akapanda gari kutoka Magu kuja mjini kununua vitambaa vya harusi hiyo hiyo. Aliposhuka Buzuruga hakufika mbali. Toroli lililobeba magunia ya dagaa lilimjia kwa nyuma, mwenye toroli akipiga kelele kwamba halina breki, taarifa ambayo ilimfikia mama akiwa tayari chini. Paja lilivunjika. Wasamaria wakambeba, wakampeleka hospitali ya kwanza iliyowajia akilini, na huko ndiko alikokuwa akijitolea Jonathan.

Pale mapokezi alitoa jina lake la ubatizo, Paskazia, jina ambalo hata wanawe hulisikia kanisani tu. Akalazwa wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani, mguu umening'inizwa kwa kamba na mwisho wa kamba mzigo wa vyuma, akisubiri kupasuliwa. Wauguzi wakambatiza upya: Mama Toroli. Naye akawapa agizo moja ambalo hawakulielewa. Binti yake asipigiwe simu. Binti akijua atamwambia mchumba wake, na mchumba wake ni daktari mji huu huu, huenda jengo hili hili. Atakuja mbio na vipimo vyake shingoni amkute mkwe wake amening'inizwa paja kama nyama ya buchani. Afadhali aozee hapo. Aliyeruhusiwa kujua ni mdogo wake tu, anayekaa Igoma, ambaye alileta uji jioni, akaketi, akalalamikia mgongo wake mwenyewe, akaondoka.

Kwa hiyo wa kumnyanyua hakuwapo. Matroni Wilhelmina, mama wa Kihaya ambaye kikohozi chake tu kilitosha kusimamisha watu wima, akasema aitwe Ngosha. Mjini Mwanza Msukuma yeyote mwenye mabega huitwa Ngosha, na Matroni hakuwa na muda wa kujifunza majina ya vijana wa kujitolea, ambao kesho wanaweza wasirudi. Wodi nzima ikamjua Jonathan kwa jina hilo. Ndivyo mkwe na mama mkwe walivyokutanishwa, mmoja akiitwa Ngosha na mwingine Mama Toroli, kila mmoja akiwa amekatazwa na mila kuujua uso wa mwenzake, na wote wawili walikuwa wametii vizuri sana.

Siku ya kwanza mama alikataa. Alitazama bedipani, lile beseni la mgonjwa asiyeweza kwenda chooni, akamtazama kijana, akafumba macho.

“Mwanangu, wewe ni mtoto wa kiume. Kaniitie msichana.”

Msichana alikuwa Mumtaz, naye wa kujitolea, naye akisubiri chuo. Baba yake aliuza vipuri vya magari mjini, na bado hakuwa ameelewa kwa nini binti yake anaacha kiti cha kuzunguka cha dukani kwenda kumwaga mikojo ya watu. Mumtaz alikuwa na moyo, lakini mikono yake ilikuwa kama vijiti vya mishikaki. Alijaribu kumnyanyua mama, mzigo wa kamba ukayumba, mama akapiga ukelele uliowaamsha hata waliopewa dawa ya usingizi.

“Mama, mimi kazi yangu iwe kuteleza beseni,” alisema Mumtaz akihema. “Huyu ndiye kreni.”

Mama akafikiri. Haja haikumpa muda wa kufikiri zaidi.

“Haya, kreni. Lakini uso wako uangalie ziwa.”

Ikawa hivyo. Jonathan alipitisha mkono mmoja chini ya mgongo na mwingine chini ya nyonga, juu ya shuka, akamwinua mama polepole mguu usitikisike, uso wake mwenyewe ameugeuzia dirishani, na ili mama asahau kinachoendelea huku chini, akawa anamtangazia yaliyoko nje. Kuna kivuko kinaingia, mama. Kuna mtu anaoga nyuma ya jiwe, anadhani hatumwoni. Kuna ndege mweusi amekaa juu ya mtumbwi kama ndiye mwenye mtumbwi. Mama aliuliza maswali. Mtu mwenyewe mnene au mwembamba? Kazi ikaisha bila mtu kuona haya. Siku ya pili mama hakumtaka mtu mwingine. Asubuhi alipofika, mama ndiye aliyeanza: “Mwangaluka, kreni,” na Jonathan akaitika kwa Kisukuma, wakacheka.

Unapomwinua mtu namna hiyo kila siku, mazungumzo hayakosekani. Mama alimwuliza kama ameoa. Bado kidogo, akajibu, ng'ombe walishakwenda. Na wakwe wakoje? Hapo ndipo Jonathan, ambaye hakuwahi kumwambia mtu ila Hellen, alijikuta anamwaga yote mbele ya mwanamke asiyemjua, kwa sababu hamjui.

“Wanajua mimi ni daktari,” alisema.

Mama alicheka mpaka vyuma vya kamba vikagongana, ikabidi ashike kitanda.

“Daktari, wewe? Wa beseni?”

“Alisema mshenga, mama. Mimi nilinyamaza tu.”

“Na mama mkwe wako akaamini?”

“Aliamini.”

“Ni mjinga wa wapi huyo?”

Jonathan alisema hamjui vizuri, ameona viatu vyake tu. Wakacheka tena, wakimcheka yule mama wa viatu, na Mumtaz aliyekuwa anakunja shuka kitanda cha pili akatia neno kwamba mwanamke mwenyewe bila shaka anakohoa makusudi kila Jumapili ili majirani wamwambie akamwone mkwe wake. Mama akasema wanawake wa namna hiyo wapo, anawafahamu. Kisha akajifuta machozi, akatengeneza kilemba, akasema kwa fahari ya upole kwamba wa kwake yeye ni dokita kweli. Alimsikia mshenga akitangaza, kwa masikio yake.

Mtu mwingine angeshtuka hapo. Jonathan hakushtuka. Mkwe wake yeye alikuwa mtu wa kutisha, mrefu, wa viatu vyeusi. Alishamjenga hivyo kichwani kwa miezi. Huyu alikuwa mfupi, peku, na anamchekesha. Tena aibu yake aliiona kubwa mno kiasi kwamba haikumwingia akilini kuwa inaweza kutoshea kwenye kitanda cha hospitali. Mama alipomwomba kwamba madaktari wakipita raundi, na akiona kati yao kuna kijana wa Kisukuma, amfunike haraka, Jonathan aliapa. Na alitimiza. Kila raundi ilipoingia wodini, alikimbia kuvuta pazia na kumfunika mama shuka mpaka puani. Alimlinda kwa uaminifu mkubwa dhidi ya Jonathan Machibya.

Siku moja, baada ya kicheko kupoa, mama alimshika mkono.

“Kamwambie huyo mkweo,” alisema. “Mimi ningekuwa yeye, uongo ningesamehe. Watu wanadanganya, hasa kwenye harusi. Lakini kufanywa mjinga mbele ya majirani, halafu nijue ni kwa kuambiwa na watu? Hapana. Hilo nisingesamehe.”

“Nitamwambia, mama. Harusi ikipita.”

Mama akafyonza, akamwachia mkono, akageukia ziwa.

Kule Igoma mdogo wake mama alikuwa amebeba siri kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kubeba kitu chochote, na mgongo wake ulikuwa mbovu. Alimpigia Hellen. Hellen akaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, akapanda gari, akavuka daraja la Busisi akimpigia Jonathan simu njia nzima. Simu ya Jonathan ilikuwa inatetemeka ndani ya kabati la Matroni, pamoja na za wenzake wote, kama ilivyokuwa amri.

Hellen akaingia wodini saa ya kuona wagonjwa. Pazia la kitanda cha dirishani lilikuwa limefungwa, na nyuma yake alisikia sauti anayoifahamu ikisema kuna boti mbili, mama, moja imejaa ndizi mpaka inataka kuzama. Alivuta pazia.

“Mama.” Halafu akaona nani amembeba. “Jonathan?”

Mama alimtazama binti yake. Kisha akageuza kichwa, taratibu, kama mtu anayesikia kitu kinapasuka mbali, akamtazama yule kijana ambaye mikono yake ilikuwa chini ya nyonga zake. Naye Jonathan akaacha kutazama ziwa. Kwa mara ya kwanza mkwe na mama mkwe waliangaliana usoni, umbali wa kiganja, na bedipani katikati ya mambo yote.

Si kwamba Jonathan aliamua. Yote aliyofundishwa tangu mtoto, kupisha njia, kuinamisha macho, kutogusa, yalimfikia mikononi kwa mkupuo, na mikono ikafunguka. Ikamwachia.

Mama alianguka nusu kitandani nusu juu ya bedipani. Vyuma viligonga kitanda, mguu ukavutika, na sauti iliyomtoka haikuwa ya aibu hata kidogo. Ilikuwa ya mfupa. Beseni likapinduka. Na Jonathan, badala ya kumdaka, alifanya kile ambacho mkwe mwenye adabu hufanya: alirudi nyuma, akachuchumaa, macho sakafuni, akatoka kinyumenyume mpaka nje ya pazia. Mumtaz alimwita. “Ngosha, rudi. Shika huku, mimi siwezi.” Alisikia vizuri kabisa. Alisikia na kilio. Akasimama, akapita katikati ya vitanda vyote vile, watu wakimwangalia, akaenda.

Matroni alimkuta nyuma ya chumba cha kufulia, kati ya mashuka mabichi.

“Nani alikuambia umwachie mgonjwa?”

“Ni mkwe wangu, Matroni.”

Matroni Wilhelmina naye alikuwa na wakwe, kule Bukoba, na kwa muda kidogo uso wake ulionekana kama wa mtu wa kawaida. Ukapita.

“Ungemlaza kwanza,” alisema. “Halafu ndiyo angekuwa mkwe wako.”

Akamnyang'anya wagonjwa wote. Asiguse mtu, asisukume kiti, asishike hata chupa ya maji ya mtu. Akampa ufagio na kumwonyesha mlango wa nje. Jonathan alikuwa anafagia kibaraza mama alipopitishwa kwenda kupigwa picha ya pili, akisukumwa na mtu mwingine asiyejua kona za ile njia. Alijificha nyuma ya nguzo. Alisikia kila tuta, na kila tuta mama alisema “yoo” kwa sauti ndogo. Baadaye habari zikafika mpaka kibarazani: mfupa ulikuwa umesogea, na upasuaji utakuwa mgumu kuliko ulivyopangwa.

Hellen alitoka nje jioni ile. Jonathan alianza kueleza, lakini hakumpa nafasi.

“Si udaktari,” alisema. “Nilishajua wewe si daktari. Ulimsikia mama yangu analia, ukaenda.”

Jonathan alitazama ufagio.

“Amejifunika kichwa, hasemi na mtu,” Hellen aliendelea. “Ameniuliza kitu kimoja tu. Eti mlipokuwa mnamcheka yule mkwe mjinga, ulikuwa unajua ni yeye? Anataka kujua kama mlikuwa mnacheka pamoja au ulikuwa unamcheka.”

Jonathan alisema hakujua. Hellen akamjibu kwamba si yeye wa kuambiwa, na kwamba nyumbani Magu shangazi wameanza kuuliza kama ng'ombe warudi. Akaingia ndani.

Jonathan alipofagia asubuhi iliyofuata, watu wa wodini walimpigia miluzi madirishani. Dokita, njoo unipime. Dokita, usiniangushe. Hao aliwavumilia. Ambacho hakuweza kuvumilia ni dirisha la mwisho, ambalo halikusema kitu.

Kesho yake tena mzee Mashimba akaja, kwa suti, na soda za wagonjwa ndani ya mfuko. Alikuwa amesikia, na alikuja kutengeneza. Matroni akaruhusu muda mfupi. Mambo yakapangwa kimila, kadiri wodi ilivyoruhusu: pazia likafungwa kuzunguka kitanda, Hellen akasimama kwenye mwanya wake kupokea maneno na kuyapeleka, Mashimba akasimama mbele, na Jonathan, aliyeitwa kutoka kibarazani, akachuchumaa sakafuni ng'ambo ya pazia na ufagio wake pembeni. Mumtaz alikuwa anakunja bandeji ambazo zilishakunjwa. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alizima redio.

Mashimba akakohoa. Akasema kilichotokea ni ajali ya kitaalamu. Akasema wasiojua mambo ya hospitali wanaweza kudhani wamemwona kijana akibeba mabeseni, lakini wenye elimu wanaelewa kwamba wakubwa humteua daktari mmoja, yule mnyenyekevu kuliko wote, wakamvika nguo za kawaida na kumtuma wodini kwa siri ili ajue kama wagonjwa wanahudumiwa. Huyo hawezi kujitaja hata kwa mama yake mzazi. Na kwamba kijana, alipogundua amemhudumia mkwe wake, alizidiwa na heshima. Ni heshima iliyomwangusha mama, wala si mtu. Nani hapa amewahi kuona mkwe mwenye heshima nzito namna hiyo?

Lilikuwa basi bovu kuliko yote aliyowahi kuyanadi, na alilinadi vizuri. Jonathan, pale chini, aliuona mlango aliofunguliwa. Kwa mlango huo mama angerudi Magu na mkwe wake daktari, majirani wasingecheka, ng'ombe wasingerudi, na yeye angetakiwa kufanya kile anachokijua sana, yaani kunyamaza. Alihisi kile kitu kitamu kikimtafuta tena kooni. Safari hii hakikupita. Alikuwa anasikia “yoo” ya kwenye matuta.

Hellen alisubiri kupewa neno la kupeleka, akakosa. Halafu mama akasema, na hakumwambia Hellen.

“Mzee Mashimba, nashukuru, pumzika. Wewe kijana wa huko chini, unanisikia?”

Kina mama wa wodi walitazamana. Mkwe hasemeshwi hivyo.

“Nakusikia, mama.”

“Siku ile tulipomcheka yule mjinga, ulikuwa unajua ni mimi?”

“Sikujua, mama.”

“Na uliponiachia, ulijua?”

“Nilijua.”

Kitanda kililia kidogo, kama mtu anayejaribu kugeuka na hawezi. Mashimba alimwinamia mpwa wake, akamfinya bega kwa nguvu zake zote za stendi.

“Sasa niambie wewe mwenyewe, si mshenga,” mama alisema. “Wewe ni dokita?”

“Hapana, mama. Nilikuwa nasukuma viti. Tangu juzi nafagia nje.”